Kamba Iliyolegea

Ukitaka kujua kama mtu na mbwa wake wanaelewana, usimtazame mtu wala usimtazame mbwa. Tazama kamba iliyo kati yao. Kamba ya wanaoelewana hubonyea kidogo katikati, kama kamba ya kuanikia ambayo bado haijatundikwa nguo. Ya wasioelewana imekaza kama ya mashua iliyofungwa gatini maji yakiwa yanatoka. Wote wanaingia msitu uleule na wote watatoka, ila mmoja atatoka na bega linalouma na mbwa aliyechachamaa kuliko alivyoingia.

Husemwa kwamba mbwa anayevuta ni mkaidi, au anataka ubwana. Sababu yenyewe ni nyepesi zaidi: anavuta kwa kuwa kuvuta kunamfikisha. Aliona mti, akavuta, wewe ukamfuata, akafika. Amelipwa. Kila hatua unayopiga mbele huku kamba imekaza ni ujira wa kuvuta. Tena ukimvuta nyuma, mwili wake unajikaza kwenda mbele ili asipoteze mizani, kwa hiyo nguvu unayotumia kumzuia ndiyo inayompa pa kuegemea.

Dawa ni kusimama. Kamba ikikaza, miguu yako ife palepale. Usiseme neno, usiirudishe kamba kwa kishindo. Ngoja. Ama atageuka kuuliza kulikoni, ama atarudi nusu hatua, na kamba italegea. Papo hapo nenda. Siku ya kwanza mita 100 zinaweza kukuchukua nusu saa, na utajiona mjinga katikati ya miti. Vumilia. Kinachoharibu kazi hii kwa kawaida si mbwa, ni ile siku moja una haraka. Umesimama mara tisa, ya kumi ukamwacha avute kwa sababu wingu limetanda. Hapo umemfundisha kwamba kuvuta hulipa, ila si kila mara, na malipo yasiyotabirika ndiyo yanayong'ang'aniwa kuliko yote. Mashine za kamari zinaishi kwa siri hiyohiyo.

Wakufunzi wana ujanja wa siku za haraka ambao ningependa kuuona ukitumika hata mahali pasipo na mbwa. Mbwa anakuwa na vifaa viwili: mkanda wa shingoni na mkanda wa kifuani. Kamba ikiwa shingoni, sheria ya kutovuta inafanya kazi bila msamaha. Ikiwa kifuani, leo hatufundishi, tunapita tu. Mbwa hutofautisha hali hizo mbili upesi. Sheria yenye mipaka inayotimizwa ina nguvu kuliko sheria ya kila saa inayovunjwa kila mtu akichelewa.

Kwa kijia chembamba, kamba ya mita 2 inatosha. Msitu wenye nafasi unataka ya mita 5 hadi 10, na hiyo ndefu ifungwe kifuani tu, kamwe isifungwe shingoni: mbwa wa kilo 25 akitimua mbio mita kumi kisha akazuiwa ghafla, pigo lote linaangukia koo na pingili za shingo. Mkanda mzuri wa kifuani una umbo la herufi Y kwa mbele, unakaa juu ya mfupa wa kidari na kuyaacha mabega huru. Ule unaokatiza mabega kwa ulalo hufupisha hatua za miguu ya mbele. Wa shingoni uingize vidole viwili bila kusukuma, na usimvuke kichwa mbwa akirudi kinyumenyume. Mbwa anayeogopa jambo hurudi kinyumenyume hivyo hivyo, basi lijaribu hilo sebuleni kabla msitu haujalijaribu.

Kamba ndefu haizungushwi kwenye kiganja wala kidole, hata kwa sekunde moja. Inakunjwa vitanzi vikubwa vinavyolala juu ya kiganja kilicho wazi, ili vikitoka vitoke bila kukamata kitu, na mkono unavaa glavu. Ya nailoni hunywa maji, hubeba tope na huunguza ngozi ikipita kwa kasi. Ya utepe uliopakwa plastiki laini hufutwa kwa kitambaa ikaisha. Zile kamba zinazojikunja zenyewe ndani ya kishikio hazina kazi msituni. Uzi wake mwembamba hukata ngozi, na baya zaidi, springi yake inaiweka kamba ikivuta kidogo wakati wote, kwa hiyo mbwa anajifunza kwamba mkazo ndiyo hali ya kawaida ya kamba. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Pabovu pa kamba ya mbwa, mara nyingi, ni klipu: springi iliyoingia mchanga, pini iliyolika. Ifungue na kuiachia mara tatu kabla ya kutoka. Isiporudi kwa nguvu, itupe.

Miti nayo ina somo lake. Mbwa atapita kushoto kwa shina na wewe kulia, na kamba itawashika nyote wawili. Mwenye haraka humburura. Afadhali usimame, urudi hatua moja ili kamba ilegee, useme neno moja utakalolitumia siku zote kwa jambo hilo, na umngoje afikirie. Akizunguka arudi upande wako, msifu na mwendelee. Baada ya kukwama mara nyingi, mbwa wengi hulitatua wenyewe wakisikia neno. Ukimburura, atajifunza tu kwamba shina la mti huuma.

Sasa pua, maana hapo ndipo matembezi mengi yanapoharibika bila mtu kujua. Pua ya binadamu ina vipokezi vya harufu vipatavyo milioni 5 au 6. Ya mbwa inaweza kufikia milioni 300. Anaponusa kwa bidii huvuta hewa mara tano hivi kwa sekunde, na pumzi inayotoka hupitia mianya ya pembeni ya tundu za pua, hivyo haiifukuzi harufu iliyo mbele yake, bali husaidia kuivuta nyingine ndani. Kwa hiyo pale unapoona kisiki kilicholowa, yeye anasoma nani alipita, lini, wa jinsia gani, na alielekea wapi. Kumkatiza hapo ni kumfungia mtu gazeti usoni akiwa katikati ya sentensi.

Mwaka 2019 watafiti Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha jaribio dogo lenye maana kubwa. Kundi moja la mbwa lilifanya mazoezi ya kutafuta kwa kunusa kwa wiki mbili, jingine mazoezi ya kutembea sambamba na mguu wa mwenye mbwa. Kisha wote wakapimwa namna wanavyokiendea chombo ambacho haijulikani kama kina chakula au hakina. Wale wa kunusa walikiendea kwa matumaini zaidi kuliko walivyokuwa mwanzo. Wa kundi la pili hawakubadilika. Huenda dakika 30 ambazo mbwa anachagua pa kusimama zikamtuliza kuliko saa nzima ya gwaride. Mtu anayepima matembezi kwa kilomita atasema hawakufika popote. Ni kweli hawakufika, walikuwa wanasoma.

Kimatendo, gawanya njia. Sehemu ya kwanza ni yake: kamba ndefu, pua chini, wewe unafuata. Usiseme "twende" kabla hajainua kichwa mwenyewe. Mahali pengi pa kunusa hapamchukui hata dakika tatu. Sehemu ya kati tembeeni pamoja, kwa kamba fupi, dakika kumi za utii wenye malipo. Ya mwisho mrudishie. Asubuhi yenye umande, harufu hulala chini na pua itafuata udongo. Jua likipanda na upepo ukiamka, harufu huinuka na kutawanyika, na utaona kichwa kimeinuka. Ukimtazama namna hiyo kwa miezi michache utagundua umeanza kuutambua upepo bila kulamba kidole.

Utagundua pia mdomo. Mbwa aliyetulia msituni huacha mdomo wazi kidogo. Akiona sungura, mambo hufuatana haraka: masikio yanakwenda mbele, mkia unakakamaa, mgongo unanyooka, na mdomo unafumba. Ule mdomo kufumba ndio kengele. Kati yake na mbio kuna sekunde moja au mbili, na katika sekunde hizo bado anasikia. Akishaanza kukimbia, masikio yamefungwa kwa ndani, na unachofanya baada ya hapo ni kupiga kelele tu. Sijui kazi nyingine inayomfundisha mtu kwa ukali hivi kwamba wakati wa kusema ni kabla, na kwamba kabla hiyo ni fupi.

Hapo tunafika kwenye jambo linaloamua kama mbwa atafunguliwa kamba au hatafunguliwa: kuja anapoitwa. Wengi hudhani ni suala la mapenzi, kwamba akinipenda atakuja. Hapana. Ni suala la hesabu. Ndani ya kichwa cha mbwa kuna daftari la neno lako, lenye safu mbili: mara ambazo neno hilo lilileta mema na mara ambazo lilileta mabaya. Ukimwita ili umfunge kamba mrudi nyumbani, umeandika baya. Ukimwita ukamkaripia kwa kuchelewa, umeandika baya kubwa zaidi, maana adhabu haikuangukia kuchelewa bali kufika. Wanaofanya hivyo kwa mwaka mmoja huwa na mbwa anayelijua neno "njoo" vizuri sana, na ndiyo sababu haji.

Neno likishaharibika hivyo, usijaribu kulisafisha. Chagua jipya, au nunua filimbi. Filimbi ina faida ambayo koo halina: haina hasira. Mlio wa leo ni sawa na wa jana, hata kama leo umechoka, umeogopa, au umemwona ameviringika kwenye mzoga.

Anzia ndani ya nyumba, mahali pasipo na kitu cha kushindana nawe. Toa mlio mara moja, kisha mpe kipande cha nyama iliyopikwa, kidogo kama punje ya haragwe. Mkono mtupu haulambwi, na huu haulambwi hasa pale unapoomba jambo gumu: biskuti kavu inatosha sebuleni, msituni haina thamani mbele ya njia ya panya. Rudia mara kumi kwa siku kwa wiki moja. Kisha uani. Kisha mahali wazi kwa kamba ya mita 10. Kisha msituni kwa kamba hiyohiyo, mwanzoni akiwa hana shughuli, baadaye akiwa ananusa kitu chepesi, na mwisho kabisa kitu kizito. Kila ukipanda ngazi, punguza umbali. Akishindwa mara mbili mfululizo umeipanda ngazi mapema, shuka moja. Na usiite mara ya pili. "Njoo, njoo, njooo" humfundisha kwamba neno lenyewe ni la tatu. Kama hakuja kwa mlio wa kwanza, mfuate kwa kuishika kamba kimya, au kimbia upande mwingine. Mbwa hukimbilia kinachokimbia. Mtu anayemkimbiza mbwa aliyetoroka anacheza mchezo ambao miguu minne haijawahi kushindwa.

Kisha kuna sehemu ambayo wengi huiruka, na bila hiyo yote yaliyotangulia hubomoka. Katika matembezi mamoja, mwite mara kumi. Mara tisa mpe nyama kisha mwambie "nenda", arudi alikokuwa. Mara moja tu, ya mwisho, ndiyo umfunge. David Premack, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1959 kwamba jambo analolitamani mnyama sana linaweza kuwa malipo ya jambo asilolitamani sana. Kwa mbwa aliye msituni, msitu wenyewe ndio mshahara. Ukimwita na kumwachia aendelee kunusa, kuja kwako hakumgharimu uhuru; kunaununua. Watoto wa umri fulani, wafanyakazi, hata wageni, wanajua tofauti kati ya kuitwa na mtu anayekuongezea na mtu ambaye kila akikuita starehe imeisha.

Akiba haiozi, husemwa. Hii huoza. Mlio uliojengwa vizuri ukitumiwa miezi miwili bila malipo hufifia, kwa hiyo vipande 20 hadi 30 mfukoni si vya mbwa mdogo peke yake. Mbwa wa miaka minane naye hulipwa.

Kuhusu kukutana na watu wengine nitasema kwa ufupi, kwa kuwa adabu yake ni fupi. Mwite, mfunge, mweke upande wa pili wa mwili wako, upande ulio mbali na anayepita, na usogee kando ya njia. Sentensi ya "usiogope, huyu haumi" haijawahi kumtoa mtu hofu. Anayeogopa mbwa hahitaji hoja, anahitaji mita tatu. Mbwa mwingine aliyefungwa kamba naye ana sababu: mgonjwa, mzee, mwenye hofu, au jike anayetaka dume. Wako asimwendee bila ruhusa hata kama ni mpole kupindukia, maana upole wake hauonekani kutoka upande wa pili. Na mwenye kumtembeza mbwa mahali penye wanyama wa porini awe amemchanja dhidi ya kichaa cha mbwa, na chanjo isiwe imepita muda. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Akiuma mtu, au wewe mwenyewe ukiumwa na mnyama yeyote, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 kamili kwa saa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo.

Msitu una wenyewe, nao hawakuulizwa. Peter Banks na Jessica Bryant walifanya jaribio kwenye vijia vya misitu karibu na Sydney, Australia, na kulichapisha mwaka 2007. Walipopitisha mbwa waliofungwa kamba, aina za ndege walioonekana zilipungua kwa asilimia 35 na idadi ya ndege kwa asilimia 41, wakilinganisha na vijia ambavyo havikupitwa na yeyote. Watu waliopita bila mbwa waliwasumbua ndege kwa kiasi kidogo zaidi. Matokeo haya huwaudhi wapenda mbwa, nami naona hayana haja ya kuudhi. Yanasema tu kwamba hata mbwa mtulivu ni simba kwa ndege anayetaga chini. Majira ya kutaga, kamba iwe fupi na njia iwe ileile, mbwa asiingie vichakani.

Kinyesi nacho si mbolea yenye manufaa kama inavyodhaniwa. Pieter De Frenne na wenzake walikadiria mwaka 2022 kwamba katika hifadhi walizochunguza karibu na Ghent, Ubelgiji, mbwa huacha kilo 11 za nitrojeni na kilo 5 za fosforasi kwa kila hekta kwa mwaka. Hicho ni kiasi cha kubadili mimea. Majani ya kawaida yanayopenda udongo wenye rutuba hushamiri, na maua yaliyozoea udongo maskini hufunikwa. Kuokota kinyesi huondoa karibu fosforasi yote, maana iko humo, huku karibu nusu ya nitrojeni ikibaki, ile ya kwenye mkojo. Chukua mifuko mitatu: mmoja wa kutumia, wa pili wa akiba, wa tatu wa kumpa aliyesahau. Mfuko uliojazwa ukatundikwa kwenye tawi "nitauchukua nikirudi" ni mbaya kuliko kinyesi kilichoachwa wazi, kwani kile kingeoza.

Mwili wa mbwa haulalamiki mapema. Huyu ni mnyama atakayekufuata hadi aanguke, kwa hiyo mahesabu ya uchovu ni yako. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, likivuka 40 kuna shida, na karibu na 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Jasho lake ni dogo, la chini ya nyayo, haliwezi kuupoza mwili; anapoza kwa kutweta, na kutweta hufanya kazi kwa kukausha unyevu wa ulimi na njia za hewa. Ndiyo maana msitu wenye mvuke usio na upepo ni hatari hata penye kivuli. Mbwa wa pua fupi kama bulldog na pug huingia taabani kabla ya wengine. Tazama ulimi: ukitanuka nchani kama upawa na kupinda, pumzikeni. Ufizi ukiwa mwekundu sana au umepauka, mate mazito, miguu ikiyumba, hapo si kupumzika tena. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, endelea kumwagia, ndipo umpeleke kwa daktari wa mifugo. Kupoza kwanza, safari baadaye. Usimfunike taulo lililolowa na kuliacha juu yake. Hupata joto na kulihifadhi.

Beba maji mengi kuliko unavyodhani. Mbwa anayeshinda nyumbani hunywa takribani mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na matembezi huongeza. Kwa mbwa wa kilo 20, lita nzima kwa saa mbili za joto si anasa, mkinywa kidogo kidogo nyote. Geukeni theluthi moja ya maji ikiwa imetumika, si nusu, kwa sababu kurudi huwa polepole kuliko kwenda, na pengine mmoja wenu atakuwa anachechemea. Mwenda pole hajikwai, lakini mwenye kiu hata akienda pole hujikwaa.

Usimtegemeze kwenye madimbwi. Maji yaliyotuama hubeba leptospira, bakteria wa ugonjwa kutoka mkojo wa panya, nao huwaambukiza watu pia. Chanjo ya mbwa ipo. Bwawa lenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika linaweza kuwa na bakteria wa sumu wanaomuua mbwa ndani ya saa chache, na sumu hiyo hailambwi tu kwenye maji, bali pia kwenye manyoya yaliyolowa. Akiumwa na nyoka, mbebe asitembee, mvue mkanda eneo hilo kabla halijavimba, usifunge kwa kamba, usichanje wala kunyonya. Daktari ndiye mwenye dawa, na dakika ulizopoteza kumtafuta nyoka ili umpige ni za mbwa wako.

Naye akipotea? Hapa ndipo silika ya mwenyewe inapomdanganya zaidi. Silika inasema kimbia, mfuate, tafuta kila upande. Lakini mbwa aliyefukuza mnyama, msisimko ukiisha, mara nyingi hurudi kwa kufuata harufu yake mwenyewe hadi pale alipokuacha. Akikuta umeondoka, sasa mmepotea wawili. Kaa hapohapo. Ita mara moja, nyamaza dakika moja usikilize, ita tena. Kama mko watu wawili, mmoja akae, mwingine azunguke kwa kufuata vijia na arudi. Ikibidi kuondoka usiku umeingia, acha nguo uliyoivaa siku hiyo na bakuli la maji mahali pale, urudi alfajiri. Ukimwona kwa mbali ametishika na hakutambui, usimwendee. Keti chini, mpe ubavu, usimkazie macho, dondosha nyama moja moja pembeni yako. Inaweza kuchukua saa. Kuna upendo unaojionyesha kwa kukaa chini.

Kurudi nyumbani hakujawa mwisho wa matembezi. Kabla hajalala, mweke penye mwanga, upitishe vidole vyako mwilini kinyume cha manyoya: ndani na nyuma ya masikio, kope, chini ya mkanda wa shingoni, makwapani, kinena, chini ya mkia, na katikati ya kila kidole. Unatafuta uvimbe mdogo kama punje ya mtama. Kupe hushikwa kwa kibano chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, na kuvutwa wima, taratibu, bila kukatisha. Usimchome kwa kiberiti, usimpake mafuta wala spiriti angali ameng'ang'ania: akisongwa anaweza kutapika ndani ya jeraha, na ndicho hasa unachokikwepa. Baadhi ya magonjwa humhitaji kupe awe amenyonya siku nzima au zaidi kabla hayajapita, mengine yanahitaji saa chache tu. Kwa hiyo ukaguzi wa kila safari una faida ambayo ukaguzi wa Jumamosi hauna. Kama nyumbani kuna paka, soma lebo ya dawa ya kupe ya mbwa kabla ya kuipaka: yenye permetrini, sumu ya kuulia wadudu, humuua paka.

Katikati ya vidole tafuta pia mbegu za nyasi zenye ncha kama mshale. Huingia ngozini na kwenda mbele tu, hazirudi nyuma, kwa sababu ya vinyweleo vyake. Mbwa anayelamba kidole kimoja bila kuacha, anayetikisa kichwa upande mmoja, au aliyeanza kupiga chafya mfululizo ghafla, huenda anayo. Iliyozama isichokonolewe nyumbani.

Kazi hii ya kuchambua manyoya inachosha, na wengi huifanya kwa kunung'unika. Mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alirudi kutoka mawindoni milimani akiwa na mbwa wake, wamejaa vitunda vinavyong'ang'ania nguo na manyoya. Badala ya kuving'oa na kuvitupa, alikiweka kimoja chini ya hadubini, akaona kila mwiba unaishia kwa ndoano ndogo. Ilimchukua miaka mingi kuiga alichokiona katika utepe wa kufungia unaonasa na kubandukika. Hataza aliipata mwaka 1955, na jina Velcro likaenea duniani. Siku hizi utepe huohuo hufunga mikanda mingi ya kifuani ya mbwa, na huishiwa nguvu kwa sababu ya manyoya. Uchane kwa mswaki wa zamani kila wiki chache.

Kupe uliyemtoa mtie kwenye chupa ndogo yenye spiriti, uandike tarehe juu yake. Mbwa akipata homa wiki mbili baadaye, daktari atauliza. Nyayo zioshwe kwa maji ya vuguvugu na zikaushwe hadi kwenye mikunjo. Kamba nayo isuuzwe kwa maji matupu, inyooshwe, itundikwe kivulini na klipu ikitazama chini, ili maji yasitulie kwenye springi.